Mapenzi na masomo: nani analipa?

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya mitihani, wazazi wa kijiji chetu hapa Nyarugusu waliniomba niongee na vijana. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe wanakusikiaka. Waambie waache haya mapenzi, watoto wanaanguka masomo." Nilikubali, maana ndiyo kazi yangu. Mara mbili kwa wiki nakutana na vijana wa miaka 13 mpaka 19, tunacheza mpira, tunaimba, tunajadili mambo ya maisha.

Siku hiyo nilichukua chaki nikaandika ubaoni: MAPENZI NA MASOMO HAYAENDI PAMOJA. Halafu nikatoa mfano ninaoutoa siku zote, yaani mimi mwenyewe. Nikawaambia kwamba na mimi nilipokuwa sekondari nilikuwa na msichana niliyempenda, lakini nikaacha mambo hayo, nikakaza masomo, nikapata diploma.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Yaya, na yule dada, na yeye alipataka diploma?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilisema muda umeisha, tukafunga kwa sala. Jioni nilijaza ripoti yangu kama kawaida: vijana 34 wamefikiwa. Lakini swali la yule kijana lilikwenda na mimi nyumbani, na mpaka leo liko na mimi. Ndiyo sababu naandika.

Jibu ni hapana, hakupata. Na kisa chenyewe ni hiki.

Tulikuwa darasa moja. Yeye alikuwa mkali wa hesabu, mimi nilikuwa na nguvu katika Kifaransa. Jioni tulisomea nje ya nyumba ya shangazi yake, kwa taa moja ya sola, watu wakipita na kutusalimia. Muhula ule alama zangu za hesabu zilipanda kutoka asilimia 41 mpaka 63. Si kwamba akili iliongezeka ghafla. Niliona aibu kuwa mjinga mbele yake, basi nikawa nafanya mazoezi kabla sijaenda. Yeye naye akaanza kusoma Kifaransa kwa sauti bila kuogopa.

Kisha mwalimu akaikuta barua ndani ya daftari langu la kemia. Ilikuwa na mistari sita na haikuwa na neno baya hata moja. Wazazi wakaitwa. Mimi nilichapwa fimbo, nikaambiwa nirudi darasani. Yeye alizuiwa nyumbani, eti ameshaharibika. Baada ya miezi michache akaja mtu kumposa, akaolewa akiwa na miaka 17. Mimi niliendelea mpaka EXETAT, nikapita.

Sasa angalieni ule mfano wangu. Nilikuwa na mpenzi: kweli. Mapenzi yakaisha: kweli. Nikapata diploma: kweli. Lakini nikiyaunganisha hayo matatu mbele ya watoto, nawadanganya. Mimi sikuacha kitu. Mwenzangu ndiye aliyeondolewa, na kiti changu kikabaki palepale. Hata zile alama za hesabu zilizonisaidia kupita, nusu ni kazi yake.

Sitaki mtu aseme kwamba natetea mapenzi ya watoto kwa sababu yalinifaa mimi. Nimeona yakiharibu. Kuna kijana aliyekuwa anauza mafuta ya mgao wa familia ili anunue vocha ampigie msichana usiku, mpaka nyumbani wakala maharage bila mafuta na darasani akawa analala. Kuna wasichana wawili waliogombana kwa ajili ya mvulana mmoja, na wote wawili wakakimbia shule wiki nzima kwa aibu. Kuna mwingine, miaka 17, ambaye msichana wake alipata safari ya Marekani na familia yake. Basi likaondoka asubuhi, na mchana ule kulikuwa na jaribio la fizikia. Alirudisha karatasi nyeupe. Mwalimu akamwita mvivu. Kama angefiwa na mjomba, darasa zima lingekwenda kumpa pole.

Kwa hiyo nakubali, moyo ukiumia kichwa hakisomi. Lakini nawauliza, je, ni mapenzi peke yake yanayokula muda wa masomo? Siku moja niliwaomba vijana wangu waandike wanachofanya tangu kuamka mpaka kulala. Msichana mmoja wa miaka 15 aliandika hivi: kupanga foleni ya maji, kuosha wadogo, shule, kutafuta kuni, kupika, kuosha vyombo, kulaza wadogo. Tulipohesabu pamoja, muda wake wa kusoma haukufika hata saa moja, tena ni usiku wakati macho yamechoka. Kaka yake, nyumba ileile, alikuwa na zaidi ya saa tatu. Na huyo mpenzi ambaye mama yake anamlaumu? Alikuwa anapata dakika chache za njiani wakati wa kwenda bombani. Tunaitisha mikutano kuhusu dakika zile za njiani. Kuhusu foleni ya maji, na kuhusu kaka ambaye hajawahi kubeba dumu, sijawahi kuitwa niongee.

Kuna kitu kingine ambacho tunakiita mapenzi kwa adabu tu. Mwanaume wa miaka 30 anampa msichana wa miaka 15 sabuni, pedi, labda simu ndogo. Mgao ukipungua, watu wa namna hii wanaongezeka. Hayo si mapenzi ya shuleni, na mtoto huyo hana kosa la kuhubiriwa. Huyo mtu anatakiwa kushtakiwa. Lakini sisi tunaweka yote kwenye kapu moja: barua ya mistari sita na mtu mzima mwenye sabuni. Matokeo yake ni kwamba msichana anayeonewa anaogopa kusema, maana ameona mwenzake aliyeandikiana barua tu alivyofanywa. Ukimya ule unamlinda yule mwanaume.

Najua wazazi wanaogopa nini, na siwadharau. Wengi wao walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 au baadaye, wakaacha mashamba, mitumbwi na ng'ombe Kivu Kusini. Kambi hii imefunguliwa mwaka ule, na sisi wengine tumezaliwa humuhumu. Mtu aliyepoteza vyote anajua kwamba masomo ndiyo mali pekee ambayo mtoto wake anaweza kuvuka nayo mpaka. Baba akiona barua haoni mistari sita. Anaona mimba, mdomo mwingine wa kulisha kwa mgao uleule, na majirani wanaosikia kila kitu kwa sababu nyumba zimebanana. Hofu yake ina sababu.

Lakini angalieni tunachofanya na hofu hiyo. Tunamtoa mtoto shuleni ili mapenzi yasimtoe shuleni. Tunamwoza akiwa na miaka 17 ili asiharibikiwe maisha akiwa na miaka 17. Na sheria hazituungi mkono. Sheria ya familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa ndoa, kwa mvulana na kwa msichana sawa. Hapa Tanzania, mwezi wa Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba hata msichana aliyepata mimba anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ikiwa mimba haimfungii mtu mlango, barua katika daftari la kemia inawezaje kuufunga?

Yule dada bado yuko hapa, zoni nyingine, ana watoto watatu. Tunaonana siku za mgao, tunasalimiana kwa heshima. Kabla ya kuandika haya nilimwendea nyumbani, mume wake akiwepo, nikawaomba ruhusa. Alinyamaza kidogo akikoroga ugali. Halafu akasema, "Andika. Lakini usiandike eti mapenzi ndiyo ilinitosha masomo. Ni watu walinitosha." Kisha akaniuliza kama mtoto wake wa kwanza anaweza kuja kwenye kikundi changu akifikisha miaka. Anapenda hesabu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mbele ya vijana. Nilifuta yale maneno ubaoni, nikamjibu yule kijana wa nyuma mbele ya wote: "Hapana, hakupata diploma. Na mimi niliwaficha." Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akauliza, "Sasa yaya, tufanye nini?" Sikuwa na hotuba. Tuliongea karibu saa mbili. Wenyewe ndio waliosema kwamba mtu anayekupenda hakuombi ukimbie darasa, kwamba mwenye haraka ya giza ana jambo lake, na kwamba ukiachwa uwe na mtu mmoja mzima wa kumwambia. Wavulana wawili walikubali kuchota maji siku za mitihani. Wawili tu, lakini ni mwanzo.

Habari zikafika kwa wazazi. Yule mama aliyenituma akanikamata njiani. "Kumbe unawafundisha kupendana?" Nikamwambia, "Hapana mama. Kupendana wanajua bila mimi. Ninachotaka ni wasitufiche sisi." Hakuridhika sana. Akasema nitaelewa nikipata binti. Inawezekana.

Kwenu ndugu wa mashirika, mnaokuja na karatasi za mahudhurio: mkituuliza vijana wangapi wamefikiwa, ulizeni pia wangapi wamebaki darasani, na wavulana wangapi wanalingana na wasichana wangapi. Hapo ndipo mtaona ni nani analipa.

Na kwetu sisi wazazi, walimu na kaka wakubwa, napendekeza sheria moja ndogo. Watoto wawili wakikutwa na barua, adhabu iwe moja. Ama wote wawili warudi darasani, ama wote wawili wakae nyumbani. Nina hakika kwamba siku hiyo, tukimwona mvulana amekaa mlangoni na daftari lake mapajani wakati wenzake wanafanya mtihani, tutapata haraka sana sababu ya kuwarudisha wote.