Ndimu na Kauri

Mvua za Bukavu na unyevu wa Ziwa Kivu huingia hata ndani ya kisanduku cha mapambo. Bangili ya shaba, madini tunayoyajua kutoka Katanga, huanza kuwa nyeusi, kisha hutoa ukijani, kwa sababu shaba hushikana na hewa, maji na jasho. Mama, chukua ndimu na chumvi kidogo, sugua kwa kitambaa, suuza, ukaushe vizuri. Itang'aa tena.

Lakini ndimu hiyohiyo usiitie kwenye kauri, gamba lililotufikia tangu zamani kutoka Bahari ya Hindi. Kauri imejengwa kwa chokaa, na ukali wa ndimu huila. Yenyewe yataka kitambaa chenye unyevu tu. Pembe ya ng'ombe usiiloweke wala usiianike juani, isije ikapinda au kupasuka. Ipake mafuta kidogo. Na ushanga ufute polepole, maana uzi ukioza, kazi yote ya fundi humwagika chini.

Ndugu zangu, nasi nyumbani hatufanani. Kuna mtoto anayenyooka kwa neno kali, na kuna mwingine ambaye neno hilohilo linamvunja. Tukiwatendea wote kwa njia moja, tukidhani ndiyo haki, tutawaumiza tuliotaka kuwajenga. Leo, kabla ya kumkaripia mtu, tujiulize kwanza: ninamjua? Mungu atupe subira ya kujuana.