Nani Astahiki Amana ya Silaha?

Kila taifa liwekalo jeshi la akiba, yaani jeshi la watu ambao kutwa hushika jembe, chaki au mizani ya duka, na ambao huitwa pale tu nchi inapowahitaji, hulazimika kujibu swali ambalo kwa sura yake ni la makarani lakini kwa undani wake ni la dini na la hekima: ni mtu gani astahiki kufundishwa silaha, kisha akaachwa arudi kulala miongoni mwa jirani zake? Askari wa kambini ana mkubwa wake karibu, ana zamu yake, na ghala ya bunduki hufungwa kwa kufuli. Huyu mwingine, mafunzo yakisha, huvua gwanda akarejea mtaani na ujuzi wake, na juu ya ujuzi huo sheria imempa uwezo wa kumkamata mwenziwe. Kwa hiyo masharti ya kumpokea si jambo dogo, na ni rai yangu kwamba miongoni mwa masharti hayo lile linalotimizwa kwa wepesi kuliko yote ndilo zito kuliko yote.

Hapa Tanzania masharti ya mgambo yanafahamika hadi vijijini. Mwombaji awe raia. Awe ametimiza miaka 18. Awe na siha ya kustahimili mchakamchaka. Ajue kusoma na kuandika. Asiwe na hatia ya jinai. Na awe mtu wa tabia njema. Akipokewa hufundishwa kwa muda wa miezi kama minne, chini ya mshauri wa jeshi la akiba wa wilaya, kwata na usomaji wa ramani, ujanja wa porini na huduma ya kwanza, shabaha na mengineyo, hata siku ya kuhitimu akapita kwa gwaride mbele ya mkuu wa wilaya. Umri wake huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, siha yake kwa daktari, elimu yake kwa cheti cha shule. Tabia yake njema huthibitishwa kwa barua.

Na itazameni barua hiyo inavyopatikana. Kijana hufika asubuhi katika ofisi ya serikali ya mtaa, bahasha ya kaki mkononi, akakaa kwenye benchi pamoja na wenye shida zao. Zamu yake ifikapo, hutolewa fomu iliyokwisha kupigwa chapa, maneno yote ya sifa yamo tayari, imebaki nafasi ya jina tu. Jina hujazwa, tarehe huandikwa, muhuri hukandamizwa kwenye kidau cha wino ukagongwa, na kama umefifia hugongwa tena juu ya ule wa kwanza. Kijana huondoka akiwa ameshuhudiwa kuwa ni mwema. Huenda ni mwema kweli, na aghalabu ni mwema. Lakini aliyemshuhudia hakuulizwa amejuaje, wala hakujiuliza.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab kutoa ushahidi, na Khalifa akamtaka alete wa kumtambulisha. Akasimama mtu akasema anamjua, na kwamba ni mwadilifu. Umar hakutosheka. Alimuuliza kama ni jirani yake wa karibu, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake, akasema la. Akamuuliza kama amewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu, maana hapo ndipo uchamungu wa mtu hudhihirika, akasema la. Akamuuliza kama amesafiri naye, akasema la. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui. Sijaona mahali penye mizani ya insafu kuliko hapa, kwa kuwa maswali yote matatu yanaelekea pale mtu asipoweza kujipamba: nyumbani kwake, penye fedha, na penye uchovu wa njia. Lau maswali hayo yangeulizwa katika kila kata kabla ya muhuri kugongwa, sidhani kama tungehitaji sharti jingine la tabia.

Wala dini hazikupuuza masharti ya mwili. Abdallah, mwana wa huyo huyo Umar, alijitokeza siku ya Uhud akiwa na umri wa miaka 14, Mtume akamrudisha. Alipojitokeza siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 aliruhusiwa, na baadaye Khalifa Umar bin Abdul-Aziz akaufanya umri huo kuwa mpaka baina ya mtoto na mkubwa. Lakini walipokwisha kupimwa miaka na viungo, vitabu vitukufu huendelea kuipima nafsi. Talut aliwajaribu watu wake kwa mto, asiyeweza kuizuia kiu yake asiandamane naye. Gideoni alianza kwa kuwaruhusu waogopao warudi makwao, wakaondoka watu 22,000, na hawakulaaniwa. Torati nayo ilimpa udhuru aliyejenga nyumba asiizindue, aliyepanda mizabibu asiyeonja matunda yake, na aliyeposa asiyeoa. Katika hayo yote hapana palipoulizwa kabila la mtu wala rangi yake.

Nayataja hayo kwa sababu katika nchi zetu wenyewe rangi iliwahi kuwa sharti. Kenya Regiment, jeshi la akiba lililoundwa mwaka 1937, liliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliyekuwa akipigana ndani ya King's African Rifles, akavuka hata bahari kwenda kupigana Burma, hakuwa na mlango wa kuingilia katika jeshi hilo, hata angekuwa hodari na mwaminifu kiasi gani. Hilo halikuwa sharti la sifa. Lilikuwa dhulma iliyovikwa vazi la kanuni, na ni lazima likumbukwe kila aandikapo mtu orodha ya masharti, ajiulize kama kila sharti linamuuliza mja juu ya alichokitenda au juu ya alivyoumbwa.

Tanganyika huru ilijifunza kwa njia nyingine. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza wawapokonye silaha. Jeshi jipya lililoundwa Septemba mwaka huo lilitaka kwanza vijana wanaojulikana na kuaminiwa huko walikotoka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaifanya kazi ya ulinzi kuwa ya wananchi wote, na majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, maelfu kwa maelfu ya mgambo waliacha mashamba yao wakaenda vitani. Vita vilipokwisha, wengi wao walirudi mashambani. Kurudi huko ndiko ninakokustaajabia: mtu ameonja nguvu ya bunduki, kisha ameiacha na kushika jembe bila ya kuwageuka wenziwe. Tabia ya namna hiyo haifundishwi kwa miezi minne. Mtu huja nayo.

Wapo wasemao kwamba vijana wa leo hujiunga kwa kutafuta riziki, kwa kuwa makampuni ya ulinzi hutaka cheti cha mgambo, na kwamba niya hiyo haistahiki. Mimi siafikiani nao. Kutafuta chakula cha halali ni ibada, na kijana alindaye duka la mtu usiku kwa uaminifu ametimiza amana ile ile aliyofundishwa uwanjani. Anayestahili kuogopwa ni mwingine: yule atakaye gwanda ili mama muuza mboga amtetemekee, na ambaye mtaani kwao kila mtu anamjua kwa ukali wake, kwa deni asilolipa, na kwa mkono wake juu ya mkewe. Huyo ana miaka 18, ana siha, ana cheti cha shule. Daktari hawezi kumzuia, wala mshauri wa mgambo atokaye wilayani hamjui. Wanaomjua ni sisi tuliopakana naye ukuta.

Kwa sababu hiyo nasema barua ile ni ushahidi kamili, na mwenye kushuhudia asichokijua ametoa ushahidi wa uwongo, hata kama hakukusudia uovu. Mtu akipigwa kesho bila ya hatia na mgambo aliyesifiwa kwa barua, sehemu ya taksiri hiyo iko kwa aliyeigonga muhuri. Enyi wenyeviti na watendaji, kabla hamjatia saini, mwiteni balozi wa nyumba kumi, waulizeni jirani wawili watatu, muulizeni na mwenye duka anayemkopesha. Na msipopata jibu, iacheni barua hiyo bila ya saini, kijana angoje mpaka apatikane amjuaye.