Unapima Umwingize, ama Umtoe?

Andiko: Waamuzi 11:1-7

Yefta alikuwa mwana wa Gileadi, lakini mama yake hakuwa mke wa nyumba ile. Wana wa ndoa walipokuwa wakubwa walimfukuza, wakamwambia hatarithi kitu. Angalia vizuri: hakuna aliyebisha kwamba Gileadi ndiye baba yake. Walijua. Shida yao haikuwa damu, ilikuwa urithi.

Mambo hayo tunayaona hapa kwetu, kuanzia Molo hadi Subukia. Mzee akifariki, kabla maua hayajakauka kaburini, watu wameanza kutaja DNA. Wengine huniuliza, "Pastor, Mkristo anaruhusiwa kupima?" Nami huwauliza: unapima umwingize mtoto, ama umtoe?

Kuna kipimo cha kuingiza. Mwaka 2019, Mbunge wa Kibra Ken Okoth alipofariki, mama mmoja alienda kortini Nairobi akisema marehemu ndiye baba ya mtoto wake. Sampuli zilichukuliwa, na majibu yakaonyesha ni kweli. Mtoto hupata nusu ya DNA yake kwa baba, kwa hivyo kifo hakifuti ushahidi. Hata mwili ukikosekana, ndugu wa marehemu wanaweza kupimwa, ingawa jibu huwa halina nguvu sana.

Kipimo hicho kinamlinda mjane pia. Matapeli wako. Mama aliyelima na mumewe miaka 30 halazimiki kugawa shamba kwa sababu ya maneno ya mtu aliyetokea siku ya mazishi. Akiomba kipimo, asiitwe mchoyo. Majibu yakija, ayakubali.

Halafu kuna kipimo cha kutoa. Mzee amelea kijana tangu utotoni, amempa jina, amemlipa karo, amesimama naye hapa madhabahuni. Mzee akishazikwa, ndugu wanasema, "Huyu tulisikia si wake, apimwe." Hapo mimi siwezi kusema Amina.

Hata sheria haiwaungi mkono. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 3, inamhesabu kama mtoto wa mwanamume yule aliyemtambua au kumkubali kuwa wake, au aliyejitwika jukumu la kudumu la kumlea. Na Mathayo 1 inapitisha ukoo wa Yesu kwa Yusufu, mtu aliyejua kabisa hakumzaa. Yusufu alimpa jina, akamlea, akamfundisha kazi.

Mtu atasema, "Je, kama mzee alidanganywa?" Hilo ni swali zito. Mwanamume aliyedanganywa ameumizwa kweli, na mke aliyemficha ana jambo la kutubu. Lakini mwenye haki ya kulalamika ni mzee, na mzee hayuko. Kijana naye hakudanganya mtu yeyote. Kwa nini alipe deni ambalo hakukopa?

Nilisomea biashara. Ukificha mdai mmoja, vitabu vyako ni vya uongo hata hesabu ikilingana. Vivyo hivyo na ile barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Ukiacha jina la mtoto unayemjua, kisha ukaapa kortini kwamba hao ndio wote, umeapa uongo. Kifungu cha 76 kinairuhusu korti kufuta kibali cha urithi kilichopatikana kwa kuficha, hata miaka ikishapita.

Kwa hivyo wanaume, wacha niseme wazi. Kama una mtoto Naivasha ama Njoro ambaye nyumba yako haimjui, sema ukiwa hai. Tafuta mchungaji akusindikize ukamwambie mama watoto. Itauma, lakini usimwachie mtoto kazi ya kujieleza mbele ya jeneza lako.

Na ninyi ndugu mnaogawana, kumbukeni vita vilipofika Gileadi, wazee walienda kumbembeleza nani. Walimwendea Yefta.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kusema kweli tukiwa hai, na moyo wa kumpokea uliyemleta nyumbani kwetu. Amina.