Mzigo na Raha za Ugenini

Mtu aendaye ugenini mzigo wake hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa uwanja wa ndege, kwa kilo, na mpimaji ni mzani usiojua huruma wala upendeleo. Mara ya pili hujipimia mwenyewe baada ya kufika, kila ashikapo kitu dukani akajiuliza kama anastahili kukinunua. Mzani wa kwanza ni rahisi kuusoma. Wa pili ni mgumu, kwa kuwa katika kitanga kimoja kimewekwa kitu, na katika kitanga cha pili wamewekwa watu: mama, wadogo walio shuleni, mjomba aliyetoa nauli, na jirani aliyeomba dua siku ya safari. Ni nani awezaye kuweka simu mpya katika mzani wa namna hii asione haya?

Swali lenyewe laweza kusemwa kwa maneno machache. Je, ni haki kwa mtu aliye mbali na kwao, tena aliyepelekwa huko kwa jasho la wengine, kujichagulia vyombo vya kisasa na raha za kila siku? Ikiwa ni haki, mpaka wake u wapi? Vitu vinavyoulizwa ni vidogo, lakini swali si dogo. Mambo makubwa humtokea mtu mara chache katika umri wake; madogo humrudia kila asubuhi, na hayo ndiyo yanayomfinyanga.

Majibu mawili husikika mara nyingi. La kwanza ni la ukali. Husema kwamba mgeni ni mdeni, na mdeni hana raha. Kila senti ipitayo chakula na kodi ya chumba ni mali ya waliobaki nyumbani. La pili ni la ulegevu. Husema kwamba ujana haurudi, ugenini kuna baridi na upweke, na mtu afanyaye kazi kwa bidii ana haki ya kujiburudisha apendavyo. Majibu haya hugombana kama mahasimu, lakini yamejengwa juu ya msingi mmoja. Yote mawili hudhani kwamba raha na wajibu ni maadui, na kwamba mtu hana budi kuchagua upande.

Wahenga wa mataifa mengine walilitazama jambo hili. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alihamishwa kwa nguvu akapelekwa kisiwa cha Corsica mwaka 41, akakaa huko miaka minane. Kutoka huko alimwandikia mama yake, Helvia, waraka wa kumfariji. Hoja yake ilikuwa kwamba kuhamishwa ni kubadili mahali tu; mwili huhitaji kidogo, na wema wa mtu humfuata po pote aendapo. Hoja hii ni njema, lakini msemaji wake aliporudi Rumi alipata utajiri mkubwa hata akashutumiwa na watu wa zama zake. Yaelekea ni rahisi kudharau raha pale zisipopatikana kuliko kuzitawala zinapokuwa karibu. Epicurus, aliyefundisha katika bustani yake mjini Athens zaidi ya miaka mia tatu kabla ya hapo, alishika njia nyingine. Yeye alihesabu raha kuwa lengo la maisha mema, na hata hivyo inasimuliwa kuwa alitosheka na mkate na maji, akamwomba rafiki yake chungu kidogo cha jibini ili afanye karamu siku atakapopenda. Huyu hakuikimbia raha wala hakuikimbilia. Aliipa kiti kidogo nyumbani mwake ikakaa kwa adabu.

Lakini Seneca na Epicurus hawakuwa na simu mfukoni. Basi na achukuliwe mwanachuo wa Tanga aliyekwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, mji ambao chuo kikuu chake hufundisha Kiswahili. Jambo la kwanza limkabililo chumbani ni plagi. Ile aliyotoka nayo kwao ina meno matatu bapa. Tundu la ukutani hupokea meno mawili ya mviringo. Umeme wenyewe hauna ugomvi, kwani huku na huko ni volti 230. Kinachogomba ni umbo, na adapta ya bei ndogo huwapatanisha. Kama angalikwenda London, meno yake matatu yangaliingia bila swali. Kama angalikwenda Chicago, ambako umeme ni volti 120, birika lake la umeme lingalipata kama robo tu ya nguvu zake, na chai ingalichelewa mno. Na birika la Chicago likiletwa Tanga bila mashine ya kupunguza umeme, litaungua. Hapa liko fundisho la kwanza. Chombo kizuri mahali pamoja chaweza kuwa kibovu mahali pengine bila ya chenyewe kubadilika. Aulizaye ubora wa kitu peke yake ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni wapi kitatumika, na nani, na kwa kazi gani.

Kisha huja habari ya saa. Kwa Waswahili saa huhesabiwa tangu mapambazuko, na siku na usiku hugawana muda karibu sawa. Leipzig mwezi wa Desemba saa mbili asubuhi hupita ndipo jua lichomoze, na kabla ya saa kumi na nusu jioni limekwisha zama. Katika majira hayo Tanga iko mbele kwa saa mbili. Mama amalizapo sala ya isha na shughuli za chakula, ikawa saa mbili na nusu usiku, mwanawe yuko saa kumi na mbili na nusu, yumo maktabani au amesimama jikoni pamoja na wageni wenzake. Kuzungumza na mama ni jambo jema. Kumaliza kazi ya siku ni jambo jema. Simu huyakutanisha mema haya mawili mahali pamoja na kumwachia mtu uamuzi.

Kwamba simu ni haja, hapana ubishi. Wanafunzi wa Zanzibar waliokwenda Ujerumani ya Mashariki katika miaka ya 1960 walingoja barua; habari ya msiba iliweza kuwafikia baada ya maziko. Hakuna mwenye akili atamaniye kurudishiwa ngoja ile. Basi mwanachuo na anunue simu, tena iliyo madhubuti: yenye sauti safi, yenye betri ishikayo chaji, na kutoka duka linalojulikana, kwa kuwa sheria za Umoja wa Ulaya humlazimisha muuzaji kuwajibika kwa ubovu wa kitu kipya kwa miaka miwili. Jina la kiwanda na mwaka wa toleo ni mambo ya baadaye. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wenye maduka waijua methali hii kwa lugha zote.

Hata hivyo bei ya chombo cha namna hii hulipwa mara mbili. Fedha hulipwa siku moja. Muda hulipwa kila siku. Mtu aweza kuishi Leipzig miaka mitatu, na macho yake yakawa Tanga kila jioni: katika harusi asizoalikwa, ugomvi asioweza kuusuluhisha, na mzaha wa vijana wa mtaani. Mwili wake hulipa kodi ya nyumba mahali pamoja, na moyo wake hulala mahali pengine. Wenyeji wake hawampati, kwa kuwa ameinama. Walio nyumbani nao hawampati, kwa kuwa uso ulio kiooni hauwezi kumchotea mama ndoo ya maji. Upweke ambao simu ilinunuliwa kuutibu hukua kando ya simu yenyewe.

Hedifoni zaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Ujerumani tangu saa nne usiku hutakiwa kimya katika nyumba za watu, na jirani aliye nyuma ya ukuta mwembamba ana haki ya usingizi wake. Mwanachuo apendaye taarabu akiisikiliza kwa hedifoni usiku, hujipatia raha na kumhifadhia jirani raha yake. Hedifoni zile zile akizivaa mchana ndani ya tramu, kila siku, humzibia maneno ya bibi anayeuliza kituo, na ya watoto wanaotaniana, na kicheko ambacho maana yake haimo katika kitabu cha sarufi. Asubuhi aliifuata lugha darasani kwa kalamu. Adhuhuri ameifungia mlango. Chombo ni kimoja, bei ni moja. Kwa saa moja ni adabu, kwa saa nyingine ni ukuta. Aliyedhani kwamba maadili hukoma anapotoa fedha dukani amekosea, kwa kuwa hapo ndipo yanapoanza.

Linabaki deni la nyumbani, nalo ndilo zito. Zamani fedha za mtu wa mbali zilikwenda polepole, na maombi yalikuja polepole. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu walizoea kupokea fedha kwa simu mara tu zitumwapo, na sasa hata zile za ng'ambo hufika hivyo. Hii ni neema kwa mgonjwa aliye mlangoni mwa hospitali. Ni mtihani kwa mtumaji, kwa sababu haja ya nyumbani haina tena saa ya kufunga. Aliyekaa kunywa kahawa na wenzake hupata ujumbe wa ada ya shule kabla kikombe hakijapoa, na kahawa hugeuka shubiri. Katika hali hii wengi huangukia uongo. Mmoja huficha viatu vyake vipya asionekane navyo katika picha. Mwingine hupiga picha mbele ya gari lisilo lake, ili nyumbani wasijue kwamba analala chumba kimoja na watu watatu. Wa kwanza huficha raha, wa pili huficha dhiki, na wote wawili hulifanya deni lisilipike, kwa kuwa hakuna awezaye kukadiria haki kwa hesabu iliyoghushiwa.

Dawa yake ni chungu lakini yajulikana. Na aseme kwa ndugu zake apatacho, na atumiacho, na awezacho kutuma kila mwezi. Fungu hilo na litangulie mbele ya starehe yo yote. Likiisha kwenda, kinachobaki ni chake, na akitumie bila hofu. Mwenye ukali atauliza: je, baiskeli ya Leipzig haikuweza kuwa vitabu vya mtoto wa Tanga? Iliweza. Kila raha duniani iliweza kuwa chakula cha mwenye njaa fulani, na swali hilo halina jibu la kulimaliza kabisa. Dhamiri iliyo hai haikomi kuchomwa nalo. Lakini mtu aliyejinyima mpaka akavunjika, akaugua au akaacha masomo, hakumlipa mtu. Kuutunza mwili na moyo vilivyokabidhiwa safari ile ni sehemu ya deni lenyewe.

Na raha zinazoutunza moyo aghalabu si za bei kubwa. Ni chai ya iliki na tangawizi jioni ya theluji. Ni wali wa nazi unaopikwa Jumapili kwa tui la kopo, kwa kuwa mbuzi ya kukunia ilibaki nyumbani, ukaliwa na majirani wanne wa mataifa manne. Si mbali na Leipzig uko mji wa Jena, alikofariki mwaka 1924 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, baada ya zaidi ya nusu karne ya ugeni. Alipoteza mume mwaka 1870, akalea watoto watatu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Inasimuliwa kuwa alihifadhi kifuko cha mchanga wa pwani ya kwao, nacho kikazikwa pamoja naye. Binti wa kasri alijua vito na hariri; kilichomfaa mpaka mwisho kilikuwa mchanga.

Siku ya kurudi mzigo hupimwa tena. Mwanachuo hufungua sanduku lake mbele ya mama, mjomba na wadogo zake, na kila kitu hutolewa mikononi mwao. Wataitazama simu iliyokwaruzika na hedifoni zilizochakaa. Akiweza kueleza kila kimoja kilimsaidia nini, wakati gani alikitumia na wakati gani alikiweka kando, wala asione haja ya kuruka hata kimoja, basi alichagua vyema. Akiona bora sanduku lifunguliwe usiku, wakati wote wamelala, hana haja ya kumwuliza mwanafalsafa.