Dhamana na Amana

Yako maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, nasi walimu wa lugha huwaona wanafunzi wetu wakiyachanganya mara kwa mara: dhamana na amana. Dhamana ni ahadi ya kubeba jukumu, kwamba kitu kikiharibika kitalipwa. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwako ukitunze. Sikudhani hata mara moja kwamba maneno haya yangesimama mbele yangu siku moja kama mahasimu wawili, nami nikatakiwa kuchagua mmoja wao.

Ilitokea hivi. Katika shule ninayofundisha, hapa Uganda, kompyuta ya idara yetu ya Kiswahili iliharibika kabla haijatimiza mwaka. Fundi aliifungua, akatuambia kwamba kilichokufa ni diski ngumu, yaani kile chombo cha ndani ambamo maandishi yote huhifadhiwa. Hata hivyo, diski ilikuwa bado katika dhamana: tukiirudisha ile mbovu, muuzaji angetupa mpya bila malipo. Mhasibu wa shule alifurahi. Diski mpya ingegharimu karibu shilingi laki mbili, na fedha hizo hazikuwamo katika makisio ya muhula.

Mimi sikufurahi, maana nilijua yaliyokuwamo ndani. Ndugu mwalimu, nawe wayajua. Wape wanafunzi insha yenye kichwa "Siku Nisiyoisahau", na katikati ya habari za arusi na safari za kwa bibi utapata karatasi mbili tatu ambazo huwezi kuzisoma mbele za watu. Mtoto asiyethubutu kumwambia mtu yeyote yaliyomfika nyumbani, humwambia mwalimu wake kwa kisingizio cha insha. Tulikuwa tumezipiga chapa insha za miaka mitatu ili zitufae kufundishia, tukaziweka katika kompyuta ile pamoja na ripoti za nidhamu na nakala za barua kwa wazazi. Majina yote yalikuwamo.

"Lakini diski imekufa," alisema mhasibu. "Nani atasoma kitu kilichokufa?"

Swali lake lilikuwa la haki, na lilistahili jibu. Diski ya namna ile huweka maandishi juu ya visahani vinavyozunguka. Mara nyingine kinachoharibika ni mota au saketi zinazoiendesha, na maandishi yenyewe hubaki palepale. Wako mafundi ambao kazi yao ni kuyatoa. Kwa hiyo sisi hatuwezi tena kuiamuru diski ifute kilichomo, ilhali mwenye vifaa aweza kuifanya iseme. Tena baadhi ya vyombo vinavyorudishwa hutengenezwa na kuuzwa upya.

Hata diski iliyo hai haifuti kama tunavyodhani. Fikiri maktaba ambamo mkutubi, badala ya kukiondoa kitabu rafuni, anachana tu kadi yake katika faharasa. Msomaji wa kawaida atadhani kitabu hakipo, lakini atakayepita rafu kwa rafu atakikuta. Ndivyo ilivyo kwa kawaida tunapobonyeza kitufe cha kufuta: kompyuta huondoa kadi, na maandishi hukaa hadi mengine yaandikwe juu yake. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamenunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Kati ya 129 walizoweza kuzisoma, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, barua za siri, na habari za matibabu.

Wala si watu wa kawaida tu wanaoghafilika. Huko Uingereza, mwishoni mwa mwaka 2010, diski za hospitali za Brighton na Sussex zilionekana zikiuzwa katika mnada wa intaneti. Ndani yake mlikuwa na habari za makumi ya maelfu ya wagonjwa na wafanyakazi, wakiwamo watu wenye virusi vya UKIMWI. Hospitali haikuziuza. Diski zipatazo 1,000 zilikuwa zimekabidhiwa ziharibiwe, na mtu aliyepewa kazi hiyo akaondoka na zaidi ya 200 kati yake. Mwaka 2012 taasisi hiyo ilitozwa faini ya pauni 325,000. Hapa pana fundisho: kumkabidhi mwingine kazi si kujivua jukumu. Aliyepokea amana ndiye anayeulizwa.

Tukirudi kwenye kikao chetu, mhasibu alikuwa na hoja ya pili, nayo ilikuwa nzito zaidi. Alisema kwamba fedha za shule ni karo za wazazi maskini, na kwamba laki mbili ni vitabu vya kusoma vya darasa zima. Kuitupa dhamana ni israfu, na israfu katika shule ya maskini ni dhuluma. Nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu alisema kweli. Ndipo nikauliza: je, ni halali kuwanunulia vitabu watoto arobaini kwa siri ya mtoto mmoja?

Nadhani hapa ndipo lilipo shina la jambo. Diski ilikuwa mali ya shule. Shule ilikuwa na haki ya kuirudisha, kuiuza au kuigawa. Lakini yaliyoandikwa ndani hayakuwa mali yetu, na mtu hawezi kutoa asichokimiliki, hata kwa nia njema, hata kwa faida ya wengi. Tena amana haipimwi kwa madhara yaliyotokea. Aliyeacha wazi mlango wa nyumba aliyoachiwa ailinde amekwisha kuivunja amana, hata kama mwizi hakupita usiku ule.

Sisemi kwamba kila diski ivunjwe. Iliyo nzima isafishwe kwa programu inayoandika upya juu ya diski yote, ihakikiwe, kisha ipewe shule nyingine. Zile za kisasa zisizo na visahani huhitaji amri maalumu ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji, kwa kuwa kuandika juu yake hakufiki kila pembe. Lililo bora zaidi ni kuyaweka maandishi kwa fumbo tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba asiye na neno la siri asione chochote chenye maana. Lakini diski iliyokufa bila ya kinga hiyo haina dawa ila kuvunjwa, na gharama yake humwangukia mtunzaji. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha inataka data binafsi ziharibiwe kwa namna ambayo haziwezi kurudishwa zikasomeka. Kenya nayo ilitunga sheria ya kulinda data mwaka huohuo, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022.

Mkuu wa shule alikata shauri. Diski ilitobolewa kwa keekee mbele yetu hadi visahani vikapasuka. Muhula mzima tuliandika alama kwa mkono.

Lakini sikutoka pale nikijiona mshindi. Insha zile zilikuwa zimehamishwa kutoka kompyuta ya zamani, ambayo tuliiuza mjini mwaka uliotangulia. Nilizifuta mimi mwenyewe, kwa kubonyeza kitufe, nikaridhika. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile, nikizipokea insha, huzisoma, huzisahihisha, na zile zenye siri humrudishia mwenyewe mkononi bila ya kubakiza nakala. Amana iliyo nyepesi kutunza ni ile ambayo hukuizidisha bila ya haja.