Mjomba, Mpwa na Mshahara

Soma kwa ajili ya funzo hili: Mwanzo 29:13–30, 30:25–43, 31:1–9, 36–42, Kutoka 20:8–11, Mambo ya Walawi 19:13, Amosi 8:4–6, Malaki 3:5–10, Yakobo 5:1–6.

Labani alikuwa mjomba wa Yakobo. Msomaji anaweza kulipita jambo hili haraka, lakini katika milima ya Uluguru halipitwi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi yao mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Yakobo alipofika Harani mikono mitupu, hakufika kwa tajiri asiyemjua. Alifika kwa mtu aliyepaswa kuwa kimbilio lake.

Chukua mfano wa mfanyabiashara Mwadventista mwenye ghala dogo la viungo mjini Morogoro. Hununua pilipili manga, mdalasini na karafuu kutoka Kinole, Tawa na Matombo, kisha huziuza kwa jumla Dar es Salaam. Yeye hukaa mjini. Anayepanda milimani ni mpwa wake. Huyo ndiye anayewajua wakulima kwa majina, anayeshika mizani, anayebeba fedha na anayeamua gunia lipi limekauka na lipi bado. Akiugua juma moja, biashara inasimama. Kwa miaka sita amekuwa akipewa fedha ya matumizi kila anapoomba, na ahadi kwamba mbele kuna mema. Sasa ana mke na watoto wawili.

“Shikamoo mjomba. Naomba tukae tuzungumze habari ya mshahara wangu.”

“Marahaba. Mshahara wa nini tena, mwanangu? Duka si letu hili?”

Jibu hilo lina upendo ndani yake, na huenda mjomba analisema kwa moyo safi. Lakini neno “letu” linahitaji kupimwa. Je, mpwa anaweza kulitumia neno hilo benki? Anaweza kulilipia ada ya shule? Mjomba akifariki kesho, watoto wake wa kuzaa watalikubali? Kama majibu yote ni hapana, basi duka ni “letu” wakati wa kufanya kazi, na ni “langu” wakati wa kugawa.

Undugu si malipo

Ajabu ni kwamba Labani mwenyewe aliijua kanuni hii. Katika Mwanzo 29:15 anakiri kwamba undugu si sababu ya mtu kufanya kazi bure, na anamwomba Yakobo ataje ujira wake. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini Yakobo alitumika miaka ishirini, na mwishoni alilalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:41). Tatizo la Labani halikuwa kutokujua haki. Aliijua, ila aliiacha ikae kinywani mwake, mahali ambapo angeweza kuibadilisha.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, pamoja na malipo yake na namna yanavyokokotolewa. Wapo waumini wanaoona kuandikiana na ndugu ni dalili ya kutoaminiana. Lakini Mungu mwenyewe alifanya agano na watu wake, akaliandika. Maandishi hayakuonyesha kwamba upendo umepungua. Yaliwapa wanyonge mahali pa kusimama.

Kila malipo hufundisha

Hata mjomba akikubali kulipa, swali gumu linabaki: alipe kwa namna gani? Kila namna ya kulipa humfundisha msimamizi jambo fulani, na mara nyingi anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hakuwapo walipopatana.

Akilipwa kwa kila kilo anayonunua, atajifunza kupenda uzito. Pilipili mbichi kilo tatu hivi hutoa kilo moja tu ya pilipili kavu. Msimamizi anayelipwa kwa kilo hatakuwa na haraka ya kukataa gunia lenye unyevu, na ukungu utaonekana baadaye ghalani.

Akilipwa kutokana na tofauti kati ya bei aliyopewa na bei aliyonunulia, atajifunza kumbana mkulima. Bibi aliyeshuka na mzigo kichwani hana nguvu ya kurudi nao nyumbani, na msimamizi analijua hilo. Hapo ndipo huingia gunia la lumbesa na mizani isiyosema kweli, yale yale ambayo nabii Amosi aliyakemea. Mjomba aliyeketi mjini atasema hakumtuma mtu adhulumu. Ni kweli, hakumtuma kwa maneno. Alimtuma kwa mpango wa malipo.

Na Sabato je? Amri ya nne haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja pia mtumishi, mgeni, hata mnyama. Mlango wa ghala unaweza kufungwa Ijumaa kabla ya jua kuzama, na mwenye ghala akawa kanisani kesho yake na lesoni mkononi. Lakini kama mpwa hapati kitu asiponunua, na wanunuzi wengine wapo mlimani siku hiyo, malipo yake yanamsukuma kwenda kwenye mizani. Mkono unaopima Jumamosi ni wa nani?

Basi alipwe sehemu ya faida? Hili lina uzuri wake, kwa kuwa jasho lake ndilo lililoikuza biashara. Yakobo naye alipatana hivyo: wanyama wenye madoadoa wawe wake. Siku ile ile Labani akawatenga wanyama hao, akawapa wanawe, akaweka mwendo wa siku tatu katikati. Fungu la faida linamtegemea anayehesabu. Mwenye ghala akichukua ada ya watoto wake na michango ya harusi kutoka kwenye droo, kisha akayaita matumizi ya biashara, mwisho wa mwaka faida haitaonekana. Kwa hiyo anayetaka kugawa faida kwa haki aanze na yeye mwenyewe. Ajipangie mshahara, na asichukue zaidi ya huo.

Yakobo alilalamika pia kwamba mnyama aliyeraruliwa au kuibwa alidaiwa yeye (Mwanzo 31:39). Masika yakiharibu njia ya Matombo na mzigo ukalowa, je, hasara ikatwe kwenye unga wa watoto wa mpwa? Mwenye mali ndiye apokeaye faida kubwa. Na hasara isiyotokana na uzembe wa mtu ni yake pia.

Malaki kabla ya zaka

Waadventista wengi wanaijua Malaki 3:8–10. Wachache hukumbuka fungu la 5. Hapo Mungu anatangaza kwamba atakuwa shahidi dhidi ya wanaomwonea aliyeajiriwa katika ujira wake, na kuanzia hapo hadi swali la zaka ni mafungu matatu tu. Mtu anaweza kurudisha zaka kwa uaminifu hadi shilingi ya mwisho, huku sehemu ya anachokiita ongezeko lake ni ujira wa mpwa ambao haujalipwa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imekwisha kufika mbinguni.

Basi njia ya haki haijafichika. Kwanza, uwepo mshahara wa kila mwezi unaotosha maisha, usiopanda wala kushuka kwa kilo, na michango ya hifadhi ya jamii ilipwe. Pili, liwepo fungu la faida, likokotolewe kwenye daftari ambalo wote wawili wanalisoma, na lilipwe kwa tarehe inayojulikana. Tatu, pasiwe na shilingi ya ziada inayopatikana kwa kumpunja mkulima au kwa kuvunja pumziko. Na habari ya urithi isemwe wazi mbele ya familia, au isisemwe kabisa.

Njia hii ina gharama. Mjomba atapoteza uhuru wa kuchukua fedha droo inapojaa. Msimu mbaya ukija, mshahara utadaiwa kama kawaida. Akiona hauwezi, afungue daftari na kusema kweli, ili mpwa aamue kama atakaa au atatafuta kazi kwingine. Mpwa asiyeruhusiwa kujua hesabu hana uamuzi wowote wa kufanya, naye huanza kujilipa mwenyewe kwa cha juu. Yakobo, pamoja na kwamba aliyembariki ni Mungu, alizitega fito zake ili wanyama wenye nguvu wawe wake na walio dhaifu wawe wa Labani. Nyumba ambamo ujira haueleweki huwafanya wote wawili kuwa wajanja, na mwisho wake ni kuondoka bila kuagana.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kudai ujira kwa ndugu au kwa mshiriki wa kanisa kuliko kwa mtu baki? Nani hufaidika na ugumu huo?

2. Fikiria namna unavyomlipa mtu anayekufanyia kazi, hata kama ni msaidizi wa nyumbani. Malipo hayo yanamfundisha nini?

3. Mmiliki aliyekawia kulipa kwa miaka sita ametubu. Je, aanze upya mwezi ujao, au analo deni la nyuma? Linganisha na Zakayo katika Luka 19:8.

4. Msimamizi asiye Mwadventista anataka kununua mazao siku ya Sabato kwa fedha zake. Mwenye ghala ana wajibu gani?