Bima, Uzee na Kipimo cha Haki

Miongoni mwa majibu ya wanafalsafa kwa swali la kiasi gani cha matibabu jamii inawiwa na wazee wake, lililojadiliwa sana ni la Mmarekani Ronald Dworkin, aliyependekeza kwamba haki ipimwe kwa bima ambayo watu wenye busara wangeinunua endapo mali ingekuwa imegawanywa kwa usawa, maarifa ya tiba yangekuwa wazi kwa wote, na hakuna yeyote, hata kampuni ya bima, ambaye angejua ni nani ataugua nini. Kwa kipimo hicho, tiba ambayo hakuna mwenye busara angekubali kuilipia ada tangu ujanani ili tu imwongezee wiki chache za uhai akiwa mahututi, jamii haiwajibiki kuitoa.

Pendekezo hili lina heshima ndani yake, kwa kuwa linamwachia mtu mwenyewe kuamua thamani ya miaka yake. Hata hivyo linachukulia kwamba hamu ya kununua bima hutoka moyoni mwa mnunuzi kabla serikali haijanyoosha mkono, jambo ambalo historia ya Marekani yenyewe inalitilia shaka.

Medicare, yaani bima ya serikali kwa waliotimiza miaka 65, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, iliacha mapengo tangu mwanzo, kwani katika huduma za madaktari mgonjwa hubaki na asilimia 20 ya gharama, bila kikomo. Mapengo hayo ndiyo yaliyozaa soko la Medigap, bima za kampuni binafsi zinazouzwa mahsusi kuyaziba. Mwaka 1988 ilipitishwa sheria ya kuongeza ukarimu wa Medicare kwa kuondoa ukomo wa siku za kulazwa, kuweka kikomo cha gharama za madaktari na kugharimia dawa, lakini mzigo wake walitwishwa wazee wenyewe, wenye kipato kikubwa wakitakiwa kulipa nyongeza iliyoweza kufika dola 800 kwa mtu mwaka 1989. Mwezi Agosti mwaka huo wazee wenye hasira walilizingira mjini Chicago gari la Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi, na kabla ya mwaka kwisha sehemu kubwa ya sheria ilikuwa imefutwa.

Kuwaita wazee hao wachoyo ni hukumu ya haraka mno. Wengi walikwisha kuziba mapengo kwa Medigap au kwa bima ya waajiri wao wa zamani, hivyo waliona wanauziwa walichokuwa nacho, ilhali gharama iliyowatisha zaidi, ya kutunzwa kwa muda mrefu katika nyumba za wazee, haikuwamo. Kukataa kwao kulipimwa kwa yale waliyokwisha kupewa na kununua.

Kutonunua nako si ushahidi wa kutohitaji. Mchumi George Akerlof alionesha mwaka 1970 kwamba waliopita miaka 65 hupata bima kwa shida kwa sababu kila ada inapopanda wenye afya hujitoa, wakabaki wagonjwa, na ada ikapanda tena. Kwa upande mwingine, wachumi Jeffrey Brown na Amy Finkelstein walieleza mwaka 2008 kuwa Medicaid, mpango wa serikali kwa maskini unaolipia nyumba za wazee baada ya mtu kuishiwa mali, hufanya sehemu kubwa ya mafao ya bima binafsi ya matunzo kuwa marudio tu, hata kwa wasio maskini. Asiyeinunua basi si lazima awe mzembe.

Mtetezi wa Dworkin atajibu kwamba soko lake ni la kufikirika, lisilo na Medicare wala Medicaid. Ni kweli, lakini mnunuzi wa kufikirika naye lazima apewe hofu na matumaini kutoka mahali fulani, na pa kuyachota ni kwa wazee hawa hawa, ambao hofu zao zimekwisha kuchongwa na mapengo ya bima waliyokuta.